Mikono miwili ya upande mmoja

Niliugua korona Julai 2021, hapa Dar es Salaam. Homa siku sita, kifua kinabana, harufu ikapotea kabisa. Miezi michache nyuma watu walikuwa wakiuita ugonjwa huu "changamoto ya upumuaji", tunaogopa hata kuutaja jina. Sikulazwa. Baada ya wiki mbili nikarudi kwenye cherehani nikidhani yamekwisha.

Kumbe. Nampima mteja kiuno, 34, nageuka kuandika kwenye daftari, namba imeshaondoka. Nampima tena. Yeye anacheka, mimi nacheka, moyoni naogopa. Kichwa kilikuwa kama mto uliojazwa sufi. Wiki hiyohiyo nikakata satini ya sare ya harusi, nikatoa mikono miwili ya upande mmoja. Kitenge ungeweza kukigeuza ukanyamaza. Satini haina huruma. Kitambaa nikakilipa mwenyewe.

Shangazi akasema hapo kuna mkono wa mtu. Nikamwambia, shangazi, mikono yenyewe ni miwili na yote ya kulia.

Daktari hakukimbilia jibu. Alipima kwanza sukari, wingi wa damu na tezi ya shingoni, akaniuliza ninalalaje na kama nina huzuni isiyoisha, maana hayo nayo husahaulisha. Nawe usikubali kuambiwa "ni korona tu" kabla hayo hayajaangaliwa.

Alivyonieleza ni hivi: mara nyingi virusi vyenyewe havihamii kwenye ubongo. Kinachofika huko ni vurugu za vita. Kinga ya mwili inapopambana mapafuni humwaga kemikali kwenye damu, na hizo huamsha seli za ulinzi zilizomo ndani ya ubongo. Zikikaa macho muda mrefu, mawasiliano ya neva hulegea. Mishipa midogo ya damu nayo huweza kuvimba. Mafua makali ya influenza pia huweza kuvuruga ubongo.

Watafiti wa Oxford walibahatika kuwa na picha za ubongo za watu zilizopigwa kabla ya janga. Wakawapiga picha tena watu 785, wa miaka 51 na kuendelea, ambao 401 kati yao walikuwa wameugua korona katikati. Majibu yalitoka Machi 2022: waliougua walipungukiwa tishu za ubongo zaidi ya wenzao, kati ya asilimia 0.2 na 2, hasa maeneo yanayohusiana na kunusa. Wengi wao hawakulazwa. Niliposoma niliogopa, halafu nikapata nafuu: kumbe sikuwa mvivu, wala sikurogwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kujilazimisha. Siku nikijisikia vizuri nashona hadi usiku, kesho yake siamki. Ikanibidi nijifunze kupumzika kabla sijachoka, jambo gumu kwa fundi mwenye oda za Idi. Saa moja kazini, robo saa nimelala chali, simu mbali. Kukata nikakuweka asubuhi tu, mchana vifungo na pindo. Wateja niliwaambia ukweli. Wawili walihama, wengine wakasogeza tarehe.

Kwa harufu, kujifukiza hakukunisaidia, zaidi ya kuniunguza paja. Kilichofaa ni zoezi la kunusa alilolieneza mtafiti Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, wiki 12. Karafuu! Sisi tunaziuza dunia nzima, tunafundishwa kuzinusa na Mjerumani. Nilitumia marashi ya waridi, majani ya mkaratusi, ganda la limau na karafuu nzima kwenye vikopo. Unanusa polepole sekunde kumi hadi ishirini kila kimoja, huku ukikumbuka harufu yake ya zamani. Mwezi wa pili vitunguu vya kukaanga vikaanza kuninukia kama mpira unaoungua. Usikate tamaa hapo. Mara nyingi ni neva zinazojiunga upya.

Lakini mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kupata degedege, shingo kukakamaa au upande mmoja wa mwili kulegea, acha vikopo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Ilinichukua kama miezi minane. Hadi leo futi siitoi kiunoni mwa mteja kabla namba haijaandikwa, na binti ninayemfundisha kazi ndiye anayeisoma kwa sauti.