Gede bila mwongozaji: anzia kabatini, umalizie kisimani

Mara ya kwanza nilipompeleka mpwa wangu Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, Kenya, alikuwa na miaka tisa. Tulisimama mbele ya kuta za matumbawe zilizobaki nusu, penye kibao, nikamtafsiria: hii inaitwa Nyumba ya Mkasi. Akaingia, akazunguka vyumba vyote, akachungulia hadi chooni, akatoka.

"Mjomba, mkasi wenyewe uko wapi?"

Nikakuna kichwa. Makumbusho madogo ya pale tulikuwa tumeyapita mbio, kwa pupa ya kuyawahi magofu kabla jua halijapanda. Kilichobaki siku ile kilikuwa kutembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mimi nikisoma vibao kwa sauti, yeye akihesabu kima juu ya miti. Tulirudi Mombasa tumechoka, na sikumbuki kama kuna jambo tulilojifunza zaidi ya kwamba watu wa zamani nao walikuwa na vyoo.

Tangu hapo nimerudi mara kadhaa, mara nyingi bila mwongozaji, na kosa lile naliona kwa wageni wengi. Kwa hiyo, wewe unayepanga kwenda peke yako au na watoto, nisikilize kwa hili moja kabla ya mengine yote: Gede ni mahali ambapo kitu na nyumba kilimokutwa vimeachana, na kazi yako wewe mgeni ni kuvikutanisha tena kichwani.

Majina ya nyumba zile hayatoki kwa wenyeji wake. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, hakuwa na njia ya kujua bwana wa kila nyumba aliitwa nani. Akaiita kila moja kwa kitu alichokikuta humo, au kwa jambo aliloliona kwenye ujenzi wake. Ndiyo maana kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Pesa ya Kichina, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Ukiingia kwenye magofu bila kujua habari za vitu hivyo, ni sawa na kusoma majina ya mitaa katika mji usiomjua mtu hata mmoja.

Basi, ukishapita getini, nenda makumbushoni kwanza, hata kama watoto wanakuvuta mkono. Usijaribu kuona kila kitu. Macho ya binadamu huchoka; baada ya kabati la tatu vigae vyote vinafanana. Mimi huchagua vitu vitatu tu na kuviandika kwenye daftari, kila kimoja na swali lake: kilitoka wapi, kilifikaje hapa, nani alikishika mara ya mwisho. Swali la tatu halina jibu, lakini ndilo watoto wanalolipenda.

Anza na kauri, kwa sababu neno lenyewe lina mambo. Sisi husema kauri kwa yale makombe madogo ya baharini yenye mgongo laini, na tunasema kauri pia kwa vyombo vile vyeupe vinavyong'aa vya China. Si sisi peke yetu tulioona mfanano huo. Waitaliano nao waliviita vyombo vya China *porcellana*, jina walilokuwa wakiliita kombe hilohilo. Na Waitaliano wamejaa Watamu na Malindi, basi ukikutana na mmoja pale unaweza kumfundisha lugha yake. Gede vimekutwa vyote viwili, kombe na chombo. Angalia kigae cha China kwa karibu: rangi ya samawati chini ya mng'ao, na pale kilipovunjika unaona udongo mweupe ulioshikana kama jino. Kisha angalia kigae cha chungu cha kienyeji kando yake, kizito, chekundu au cheusi, chenye michoro iliyokwaruzwa kabla udongo haujakauka. Cha kwanza kilivuka bahari. Cha pili kilipika wali. Kwangu hicho cha pili kina habari nyingi zaidi, ila watu hukipita bila kukitazama.

Ukitoka hapo una kitu cha kutafuta, na magofu yanabadilika. Eneo lililozungukwa na ukuta wa nje ni kama ekari 45, lakini usitishike. Majengo mengi utakayotaka yako ndani ya ukuta wa ndani, karibu na Msikiti Mkuu na jumba la mtawala. Saa tatu za polepole zinatosha. Kwa kasi niliyoizoea mimi ni nyumba nne, msikiti, kaburi na kisima, halafu basi.

Kaburi ninalolisema ni lile lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Simama hapo kidogo ufanye hesabu: Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Marehemu huyu alikuwa amelala miaka 99 tayari. Kisha Wareno wakakaa Malindi kwa miongo mingi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na bado maandishi yao hayautaji mji huu. Watu wametoa sababu nyingi za ukimya huo na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Mimi humwachia mpwa wangu abuni yake. Safari iliyopita alisema labda wenyeji hawakuwapenda wakawaficha njia. Sikumpinga.

Kwenye nyumba, tafuta mambo mawili. La kwanza ni choo, na usione haya: shimo lililojengwa vizuri ndani ya nyumba, pamoja na mahali pa kujitawazia. La pili ni chumba cha nyuma kisicho na mlango, kilichoingiwa kwa tundu la juu. Humo ndimo mali ilimowekwa. Mtoto akielewa kwamba kile ndicho kilikuwa sefu ya nyumba, hutaweza kumtoa.

Kisima nakiweka mwisho kwa makusudi. Kiko nje ya Msikiti Mkuu, na mchimbaji aligundua kwamba kiliwahi kuongezwa kina. Yaani maji yalikuwa yakishuka, na watu wakayafuata chini. Mji ukaja kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wako wanaotaja mashambulizi, wako wanaotaja Waoromo waliosukuma kutoka kaskazini, lakini mimi niliyekulia mtaa wa kuteka maji kwa zamu, kisima kile hunishawishi kuliko vita. Ukiinama ukachungulia, harufu ya majani yaliyooza hukujia kabla macho hayajazoea giza.

Sasa ya njiani. Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi alfajiri, umwambie makanga akushushe Gede, penye njia ya Watamu. Ukinyamaza utajikuta Malindi. Kutoka hapo ni tuktuk, boda au miguu yako. Kutoka Malindi kwenyewe ni kilomita 15 hivi tu. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha mwananchi na cha mgeni havilingani, na watoto wana chao. Malipo ya makumbusho ya taifa Kenya siku hizi ni ya kielektroniki, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na ina salio. Vaa viatu vya kufunika. Mizizi ya mibuyu na ya mikuyu imekatiza njia kila mahali, na kandambili itakuangusha. Mbu wapo hata mchana, kwa kuwa ni msitu. Maji, ndiyo. Ndizi, hapana. Kima wa pale ni wapole mpaka waone ganda la njano. Mimi niliporwa kichana kizima nikiwa nimeegemea ukuta najifanya nasoma.

Na mkono wako usiokote. Vigae vimetapakaa chini, kimoja kinakuita, unasema kidogo hiki nani atakijua? Kwanza ni kosa kisheria. Mambo ya kale yanalindwa Kenya. Pili, rudi kwa mkasi. Tunajua habari za ile nyumba kwa sababu mtu alikuta mkasi humo na akaandika ulikutwa wapi. Ungeokotwa na mpita njia ukatiwa mfukoni, leo ungekuwa chuma chenye kutu kwenye droo ya mtu huko Nairobi, na nyumba isingekuwa na jina.

Kuhusu waongozaji, siwapingi. Nimewahi kutembezwa kwenye makumbusho fulani, sitayataja, na bwana mmoja aliyetupitisha karne tano kwa dakika ishirini huku akitazama saa. Lakini Gede nimekutana pia na wazee wanaojua kila mti unaitwaje kwa Kigiriama na unatibu nini, na hilo kibao hakikwambii. Ushauri wangu ni kuzunguka mwenyewe kwanza, ujaze daftari maswali, ndipo umtafute mtu wa kumlipa ayajibu. Akikuta una maswali atakwenda polepole hata kama hakupanga.

Kama uko Mombasa na una siku mbili, tanguliza Fort Jesus. Makumbusho yake yana vitu kutoka Gede na kutoka miji mingine ya kale ya pwani, Manda na Ungwana, na ukivitazama jioni moja kisha kesho yake ukapanda matatu, utafika umeshajiandaa. Na wewe wa Dar, njia ni hiyohiyo, ila kwako umbali unauma. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolikuta Mary Leakey Julai 1959, ni la kutazamwa Makumbusho ya Taifa pale mjini, na Olduvai lilikotoka ni safari nzima ya kuvuka nchi. Gede mwendo ni wa kutoka kabati hadi ukuta, dakika tano.

Safari ya pili na mpwa wangu tulianza makumbushoni. Alichora kauri tatu daftarini, moja ikiwa imegeuzwa tumbo juu ili meno yake yaonekane. Tulipofika Nyumba ya Kauri hakuniuliza kitu. Alichuchumaa kwenye pembe ya chumba, akapuliza majani makavu, akaangalia kwa muda mrefu kama kuna moja iliyosahauliwa. Haikuwapo. Akajipangusa magoti, akafunga daftari, akaniuliza kama nje wanauza madafu.