Kwa nini ndege ndogo hupata ajali zaidi zikitua porini

Dada, umeuliza kwa nini ajali nyingi za ndege ndogo porini hutokea wakati wa kutua, na kama ni uzembe wa rubani. Si uzembe tu. Pale Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, kuna lami na watu wa kuongoza ndege. Porini rubani hupita kwanza chini chini akague: nyumbu wapo? Mvua ya jana imeacha tope? Lakini shimo la ngiri kwenye nyasi halionekani kutoka juu. Gurudumu la mbele likizama humo, pua inainama na panga la propela linapiga ardhi.

Halafu kuna hewa, jambo ambalo wengi hawalijui. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na haibebi ndege vizuri, kwa hiyo ndege inagusa ardhi kwa kasi kubwa zaidi, karibu asilimia 2 kwa kila mita 300 toka usawa wa bahari. Arusha tuko karibu mita 1,400, piga hesabu. Jua la saa nane mchana linazidi kuifanya hewa nyepesi, na breki kwenye nyasi mbichi hazishiki.

Mimi ningechagua ndege ya asubuhi.