Kwenda KIA kwa magari ya abiria

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao ninamsindikiza mama yangu mzazi kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya goti. Tiketi zetu ni za ndege inayoondoka KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) saa 10:10 jioni, nasi tunakaa Mkuu, Rombo. Kukodi teksi kutoka huku hadi uwanjani kumetushinda bei. Je, magari ya abiria yatatufikisha, na tuondoke nyumbani saa ngapi?
Msomaji, Rombo

JIBU: Ndugu msomaji, magari hayo yatawafikisha karibu na uwanja, lakini hayaingii ndani. Kosta (mabasi madogo ya abiria) zinazokwenda Arusha kutoka Moshi hupita barabara kuu, na kutoka njia panda ya KIA hadi jengo la abiria kuna kilomita zipatazo 6 ambazo mgonjwa wa goti hawezi kuzitembea. Kwa hiyo panga kwanza kipande hicho cha mwisho, kisha urudi nyuma kupanga mengine.

Abiria wengi wenye begi dogo huteremka njia panda na kumaliza safari kwa bodaboda, dereva akiwa amelipakata sanduku juu ya tangi la mafuta. Kwa kijana usafiri huo unatosha. Kwa mama yako siushauri hata kidogo, kwa sababu kupanda na kushuka pikipiki kunalitesa goti, na pale njia panda ni uwanda wa jua na upepo, si mahali pa kumsimamisha mgonjwa huku ukitafuta chombo kingine. Shukeni Bomang'ombe, mji mnaoufikia kabla ya njia panda mkitokea Moshi, ambako barabara ya Sanya Juu inachepuka. Hapo mtapata teksi au bajaji, na mama atapata pa kukaa wakati unapatana bei. Kabla hajapanda, mwambie dereva kwamba mnakwenda hadi mlango wa jengo la abiria, ili bei mliyopatana isibadilike njiani. Fedha mtakayookoa kwa kupanda gari la abiria kutoka Mkuu hadi Bomang'ombe itumieni hapa bila kusita.

Kuhusu muda, hesabuni mkirudi nyuma. Dirisha la kupokea mizigo hufungwa kabla ndege haijaruka, basi muwe uwanjani saa 8 mchana. Kutoka Moshi hadi uwanjani ni kama kilomita 40, lakini Kosta haiondoki stendi mpaka ijae, kisha husimama kila kituo. Ningependa muwe mmekwisha kukaa ndani ya Kosta pale stendi ya Moshi ifikapo saa 5 asubuhi. Kwa kuwa gari la Rombo nalo hupitia Marangu na Himo likishusha na kupakia, ondokeni Mkuu saa 2 asubuhi, na kipindi cha masika ondokeni mapema zaidi. Mkiwahi, mama atapumzika uwanjani, ambako kuna viti na choo.

Mwombe konda ampe mama kiti cha mbele karibu na mlango, mahali anapoweza kunyoosha mguu. Mkifika stendi gari likiwa limejaa, subirini linalofuata badala ya kumbana kiti cha nyuma. Nauli halali hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kwa hiyo ulizeni kiasi chake kabla ya kulipa. Someni pia tiketi tena: KIA huandikwa JRO, ilhali ARK ni uwanja mdogo wa Arusha ulioko Kisongo, upande wa pili wa jiji, na aliyekosea kati ya viwanja hivyo viwili hawezi kuwahi ndege yake.

Wakati wa kurudi, kama ndege itatua jioni, msitegemee Kosta ya barabarani, kwani saa hizo nyingi hupita zikiwa zimejaa, na gari la kuunganisha kwenda Rombo huwa gumu kupatikana usiku. Chagueni ndege ya asubuhi, au mtafute ndugu wa kuwalaza Moshi siku hiyo.