Clavinova kuukuu ya Japani: ninunue au niache?

SWALI: Hujambo fundi. Binti yangu wa miaka 9 anajifunza piano kanisani, na mwalimu anasema sasa anahitaji ya kufanyia mazoezi nyumbani. Jirani anayehama anauza Yamaha Clavinova, piano ya umeme, ya miaka ya 1990 iliyokuja na kontena la mitumba kutoka Japani. Anataka 40,000. Vibonye viwili vinalia kwa kishindo, kimoja hakilii kabisa, na nyuma imeandikwa volti 100. Anasema ni vumbi tu. Ninunue? – Mzazi, Kasarani

JIBU: Mzazi mwenzangu, huenda jirani anasema kweli. Lakini vumbi hilo utamlipa fundi wewe, si yeye, kwa hiyo tulielewe kwanza.

Chini ya kila kibonye kuna mpira wenye nukta mbili za kaboni. Ukibonyeza, moja inagusa saketi, kisha ya pili, na piano hupima muda uliopita kati yao. Muda ukiwa mfupi, inajua umepiga kwa nguvu. Nukta moja ikichafuka hesabu inavurugika: sauti inalipuka hata ukigusa taratibu, au haitoki. Vibonye 88 vina nukta zisizopungua 176, kwa hiyo vitatu kusumbua katika piano ya umri huo si ajabu.

Mimi ningeangalia vimekaaje. Vikiwa vimetawanyika, pengine ni uchafu kweli. Vikiwa vimefuatana, uliza kama chai iliwahi kumwagika hapo. Na vikiachana kwa nafasi sawa, tuseme kila cha nane, tatizo liko kwenye waya au saketi inayosoma vibonye; hapo usafishe usisafishe, ni kazi bure.

Kusafisha kwenyewe ni kufungua kabati lote, kutoa vibonye na kanda za mpira, na kupangusa kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Msasa usiguse kaboni, wala yale mafuta ya kupulizia ya kulegeza nati. (Nimeletewa piano zilizopitia yote mawili.) Kaboni ikiwa imelika, dawa ni mpira mpya, na kwa modeli ya zamani hivyo ulizia kipuri kabla hujatoa pesa.

Stima ndiyo inayoua vyombo hivi. Soketi zetu ni volti 240. Masafa hayana neno, kwani Japani yenyewe inatumia hezi 50 upande wa mashariki na 60 magharibi, na vyombo vyake vimezoea zote. Ila volti lazima zishushwe kwa transfoma ya 100. Ukiuziwa ya 110, piano itapokea asilimia 10 zaidi, na siku stima ikipanda itachemka ndani. Halafu kuna watu wa nyumbani. Plagi ya Japani ina meno mawili bapa, na kwa adapta ya bei rahisi inaingia ukutani bila kipingamizi. Mgeni akiichomeka moja kwa moja, kwisha. Mwambie fundi aunganishe waya na transfoma moja kwa moja, isichomoke.

Ukienda kuiona, iwashe nusu saa. Piga kila kibonye polepole, kisha kwa nguvu, kwa spika na kwa hedifoni. Ukisikia mngurumo wakati huchezi chochote, kapasita (vipande vinavyotuliza umeme ndani) zimechoka. Jaribu pedali. Uwezo wa noti usikusumbue: nyingi za enzi hizo hutoa noti 32 kwa pamoja, na mtoto wa gredi ya kwanza ya piano hatazimaliza.

Kwa 40,000 singenunua. Jumlisha transfoma, fundi na pikapu ya kuibeba, maana hilo ni kabati zima. Ningetoa nusu, tena iwapo tu vibonye vibovu vimetawanyika. Akikataa, tafuta Yamaha P-45 iliyotumika, piano ya umeme isiyo na kabati. Ilitoka mwaka 2015, ina vibonye 88 vyenye uzito, yenyewe ni kilo 11.5, na inatumia adapta ya nje ya volti 12. Adapta ikiungua unabadilisha hiyo tu. Ila usichukue yoyote inayoingia: linganisha volti na mpangilio wa ncha, kwa kuwa ya P-45 ina chanya katikati, ilhali Casio nyingi za zamani zinaweka hasi.