Anaimba "ba be bi bo bu" lakini hasomi

Darasa la pili au la tatu hukosi mtoto anayekariri silabi na wenzake vizuri kabisa, ila akipewa sentensi ya maneno manne anakwama. Kuimba kwa pamoja ndiko kunakomficha. Andika silabi 20 zilizochanganywa, mfano "ko, me, bu, ta, li", umwite peke yake, azisome. Anayekisia kwa kuona mwanzo tu wa kila silabi, au anayerudi kwenye wimbo ili aifikie "bu", hasomi bado. Kabla hujafikiria disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika), hakikisha macho na masikio yamepimwa.

Mengine utayaona kwenye daftari. "Mbuzi" inaandikwa "buzi", "ndizi" inakuwa "dizi". "Baba" inasomwa "dada", darasa linacheka, na kuanzia siku hiyo mtoto hanyooshi mkono tena. Kwa hiyo b na d zisifundishwe wiki moja. Maliza b hadi aiandike bila kutazama, pitisha wiki mbili, ndipo ulete d. Wanaozifundisha pamoja ili "azilinganishe" ndio wanaozidi kumchanganya.

Mzigo mkubwa zaidi ni vitenzi virefu. "Hatukuwasikia" kwake ni ukuta. Ukate: hatu / ku / wa / sikia. Tengeneza kadi 12 za manila za vianzio vinavyojirudia: nina, nime, nili, nita, ana, ame, ali, ata, wali, wata, hatu, hawa. Akizitambua kwa kuzitazama tu, kinachobaki mara nyingi ni mzizi wa neno. Dakika kumi kila siku zinatosha. Saa nzima ya Ijumaa haisaidii, maana ya Ijumaa iliyopita yameshayeyuka.

Kunakili ubaoni nako kunamchosha kuliko tunavyodhani: anainua kichwa kwa kila herufi, akirudi daftarini mstari umeshapotea. Mkalishe mbele katikati, anakili mistari mitatu, iliyobaki mpe kwenye karatasi. Kipande cha manila chenye dirisha la mstari mmoja kinamsaidia pia asiruke mistari.

Darasa la watoto 80 mwalimu hatoshi, kwa hiyo mpe mwanafunzi mwenza wa kumsaidia. Lakini mwenza asiyeelekezwa humsomea kila kitu. Mfundishe mwenza huyo, mtoto akikwama, ahesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha ataje silabi ya kwanza tu.

Usimwinue mtoto ghafla asome mbele ya wenzake. Mwonyeshe aya yake jana yake aifanyie mazoezi. Kwenye sayansi, "moyo husukuma damu" iliyoandikwa "moyo usukuma dam" ni jibu sahihi. Tahajia isahihishe pembeni bila kukata alama. Swali la hesabu la maneno msomee, kwa sababu unapima kujumlisha.

Na kumkaririsha darasa? Akirudia mwaka kwa wimbo uleule, atauimba vizuri zaidi.