Je, mawazo ya kujiua hurithiwa?
Dada, umeuliza kama mwanao yuko hatarini kwa kuwa mjomba wake alijiua. Hatari huongezeka kiasi, lakini hakuna jeni moja ya kujiua. Tafiti za mapacha hukadiria mchango wa urithi katika tabia za kujiua kuwa asilimia 30 hadi 55, na kinachorithiwa ni wepesi wa kuathirika tu, mfano kuelekea kwenye sonona au kutenda kwa pupa. Mengine huletwa na maisha: kuonewa shuleni, kupigwa, kudhalilishwa kingono, ugomvi wa nyumbani, kukosa usingizi (hili watu hulipuuza mno). Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.