Mlinzi wa amani: jina hili limetoka wapi?

Swali: Wakili, shikamoo. Hapa Tanzania mtuhumiwa anayetaka kukiri kosa hupelekwa kwa mlinzi wa amani. Jina hilo limetoka wapi? Na ni kweli kwamba Uingereza walinzi wa amani huhukumu kesi bila kusomea sheria?

Jibu: Marahaba. Ni kweli, na jina tumelirithi kwao, wakati wa ukoloni. Mwaka 1361, enzi za Mfalme Edward III, ilitungwa sheria kwamba kila kaunti iwe na bwana mkubwa mmoja, watu watatu au wanne wa heshima, na baadhi ya wajuao sheria, wawashike wavunja amani na kuwaadhibu. Hao wajuao sheria husahaulika. Hati ya uteuzi ilitaka mmoja wao awepo kwenye mashauri fulani, na neno la Kilatini lililoanza kifungu hicho ndilo "koramu" tunayoihesabu vikaoni hadi leo.

Baadaye wakabebeshwa kila kitu: barabara, madaraja, leseni za vilabu vya pombe, misaada ya maskini, hata viwango vya ujira. Malipo hayakuwepo, kwa hiyo kazi ikawa ya wenye ardhi. Kuanzia 1732 ilibidi uwe na ardhi ya kukuingizia pauni 100 kwa mwaka. Kwangu hilo ni doa kubwa: aliyekamatwa akiwinda sungura kwenye shamba la tajiri alihukumiwa na tajiri mwenziwe.

Mwaka 1888 kazi za utawala zilihamia mabaraza ya kaunti. Sharti la mali lilifutwa 1906. Mwanamke wa kwanza, Ada Summers, meya wa Stalybridge, aliketi tarehe 31 Desemba 1919.

Leo utawakuta watatu mezani, pengine mwalimu, muuguzi na fundi mstaafu, wote bila mshahara. Mbele yao huketi mshauri wa sheria. Kifungu kinasemaje, wanamuuliza yeye. Shahidi anasema kweli au la, hilo wanaliamua wenyewe. Karibu kesi zote za jinai huanzia kwao, zilizo nzito zikapelekwa mahakama ya juu.

Kwetu mlinzi wa amani, mara nyingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, amebaki na kazi nyembamba ila nyeti. Polisi wakishatoka nje, anamuuliza mtuhumiwa kama amepigwa au kuahidiwa chochote, anamkagua majeraha, na anamwambia halazimiki kusema neno. Ndipo anaanza kuandika.